Gari Linalopiga Magoti

Mume wangu Lukumani akiona kitu kimeharibika hawezi kupita bila kukitia mkono. Alifanya kazi karakana ya reli mpaka akastaafu, na tangu astaafu ua wetu hapa Itetemia ndio umekuwa karakana. Feni ya jirani, baiskeli ya mwenye duka, pampu ya kisima cha msikitini, vyote vinapita kwangu. Mimi Shamila nafua, naanika, naruka spana. Nimesema mpaka majirani wamezoea. Siku nikinyamaza wanakuja kuuliza kama naumwa.

Ila kwa lile gari sikuwahi kumgombeza. Lilikuwa la mzungu mmoja mzee aliyekuwa akifundisha watu ufugaji wa nyuki kule Ntalikwa. Alipoondoka kurudi kwao alimwachia Lukumani, kwa sababu hakukuwa na mwingine mjini ambaye alikuwa akiliwasha likakubali. Ni gari la Kifaransa, la zamani, refu, limechongoka pua, na halina springi hata moja. Chini lina vibuyu vya chuma vyenye mafuta na hewa, na pampu ya kusukuma hayo mafuta. Ukiwasha injini linajiinua lenyewe, kwanza makalio, halafu kifua, kama mtu mzima anayeinuka mkekani. Katikati ya viti vya mbele kuna kimkono. Ukikisukuma mbele linapanda juu. Ukikivuta nyuma linashuka taratibu mpaka tumbo linakaribia mchanga. Kushuka hakuhitaji hata injini.

Sasa mjue kwa nini nalipenda. Mama mkwe wangu, Bi Maua, tunakaa naye. Alianguka bafuni akaumia nyonga, na tangu hapo mguu wa kulia hauinuki. Anatembea na fimbo yake vizuri tu, lakini kupanda ngazi hawezi, na magari ya siku hizi yote yako juu. Kuna siku tulikwenda msibani, vijana wakambeba kumpakia kwenye Noah. Mmoja kashika kwapa, mwingine kashika miguu, kanga ikapanda mpaka kusikotakiwa, na umati wote unatazama. Tulipofika nyumbani Mama akaniita chumbani, akasema, “Shamila, mimi sibebwi tena mpaka siku ya kubebwa kwenda kuzikwa.” Nikajua hapo hakuna mjadala. Ile familia yao ikisema imesema.

Akawa hatoki. Harusi zinapita, hitima zinapita, yeye yuko dirishani. Mpaka siku Lukumani alipolileta lile gari uani, akamsogezea mlangoni, akavuta kile kimkono. Gari likashuka. Mama akatazama, akaweka fimbo kando, akageuza mgongo, akaketi kitini mwenyewe kama anayeketi kitandani kwake. Akacheka! Nilikuwa sijamsikia akicheka kwa muda mrefu.

“Huyu amelelewa,” akasema. “Anampigia mkubwa magoti. Huyu ni Muungwana.”

Jina likabaki hilo. Akajifunza na kile kimkono, akawa hasubiri mtu. Kiti chake cha mbele kushoto kimechanika na kinatoa vumbi, kwa hiyo kila akiwa na safari natandika kanga pale. Akiiona kanga kwenye kiti anajua leo yeye anatoka, anakwenda mwenyewe, anafungua mlango, anaingiza mkono, anavuta, Muungwana anapiga magoti, anaketi. Halafu anatuita sisi tunaochelewa.

Basi mwaka huu Najiat anaolewa. Najiat ni binti wa shemeji yangu Awadhi, mdogo wake Lukumani, mfanyabiashara kule Urambo. Lakini aliyemlea ni Mama, hapa hapa, tangu chekechea mpaka kidato cha nne. Wamelala kitanda kimoja, wamegombania shuka moja. Ndoa ingefungwa nyumbani kwa baba yake Urambo, Jumapili, na Najiat alikuwa ameshamwambia baba yake mbele ya watu: bibi yangu asipofika, mimi sitoki chumbani. Na Mama alikuwa ameshanunua kisutu kipya, kanga ya harusi, chekundu kile chenyewe, na kila jioni anakitoa kabatini anakitazama.

Wiki ya harusi yenyewe Muungwana akaanza kujikojolea.

Ndiyo, naomba radhi, lakini ndivyo ilivyokuwa. Jioni kasimama vizuri, asubuhi kalala tumbo chini, na mchangani kuna mafuta ya kijani. Asubuhi moja nasikia kuku wangu analia, namtafuta, simwoni. Kumbe alikuwa amejitafutia pa kulalia chini ya gari, na gari likamshukia. Mzima wa afya, lakini kabanwa, mbawa hazifunguki, amebaki kichwa tu kinanitazama. Ikabidi Lukumani awashe injini, gari lipande, ndipo kuku atoke. Alitoka akiwa na hasira kuliko mimi.

Lukumani akalala kifudifudi, akachungulia na tochi, akaja na jibu. Paipu ndogo ya nyuma imeliwa na kutu. Akapima urefu na unene wake, akaenda mjini kwa mafundi wanaotengeneza mipira ya mafuta ya matrekta, wakamtengenezea nyingine. Ijumaa, baada ya kutoka msikitini, akavaa ovaroli.

“Unafanyaje?” nikamuuliza.

“Nalipandisha lenyewe mpaka juu, natia jeki nyuma, nazama, nafungua, nafunga, natoka. Hata chai haijachemka.”

“Na nani atakuwa amelishika?”

“Limejishika. Si unaliona lilivyosimama?”

“Kuku wangu naye aliliona lilivyosimama.”

Akaniangalia kwa jicho la pembeni. “Mama Adinani, kuku hana jeki.”

“Jeki yenyewe ile inayoteleza? Baba Adinani, hilo gari likipoteza mafuta linashuka lote, na ukifungua hiyo paipu mafuta si ndiyo yanatoka? Au mimi ndiye sijaelewa? Kuku mwembamba kabanwa, wewe na hilo tumbo utatokea wapi?”

“Basi nitaweka matofali.” Akaonyesha matofali yaliyobaki tulipojenga choo.

Hapo ndipo hasira ziliponipanda. “Matofali haya! Haya ukiyakanyaga yanamung'unyuka! Ulimpa fundi saruji kiduchu nikasema, ukaninyamazisha, leo unataka yakubebee gari juu ya kifua? Sema kweli. Behewa likitoka relini, mlikuwa mnaliinua na kuliweka juu ya matofali ya choo?”

Akakuna kidevu.

“Mataruma,” akasema polepole. “Tulikuwa tunapanga mataruma ya mbao, yale yanayolaliwa na reli. Mawili chini, mawili juu yake yakipishana, mawili tena, mpaka yafikie behewa.”

“Na mtu alikuwa anaingia chini kabla behewa halijakalia hayo mataruma?”

“Wee! Msimamizi angekufukuza hapo hapo.”

“Basi msimamizi leo ni mimi,” nikamwambia, nikajifunga kanga nikatoka.

Nikaenda kwa Gerson, seremala wa mtaa wa pili, anayetengeneza vitanda vya mninga. “Mwangaluka, mama,” akanisalimu, nami nikamwitikia, nikamweleza shida. Nikamwambia nataka vipande vinene vya mbao, vile anavyokata ncha na kutupa pembeni, vilivyonyooka pande zote. Akacheka sana. “Kumbe Mzee Lukumani anaogopa kufa? Mimi nilidhani Wamanyema hamfi, mnahamia tu Ujiji.” Nikamwambia wakifa Wamanyema Wanyamwezi watakosa wa kuwakopesha akili. Ni watani zetu, tumezoeana. Akapakia mkokoteni mwenyewe, akausukuma mpaka kwetu, akasema tu nimrudishie mbao zake bila mafuta.

Nataka niseme ukweli, Lukumani alipoziona zile mbao alibadilika. Akawa mtu wa karakana kweli. Akalipeleka gari penye udongo mgumu, mbali na mchanga, akaweka vipande mbele na nyuma ya magurudumu lisiende huku wala huku. Akawasha, akasukuma kimkono, Muungwana akapanda mpaka mwisho. Akatandika mbao pana chini, akapanga magogo yakipishana, rundo moja kila pembe. Akanionyesha lile bomba nene la pembeni mwa gari ambapo jeki huwekwa, akasema hapa ndipo penye nguvu, siyo kwenye bati la sakafu, wala siyo kwenye ile mikono inayoshika magurudumu, maana mikono hiyo inapanda na kushuka na gari. Akaacha upenyo wa vidole tu kati ya magogo na gari. Akazima injini.

“Sasa nalishusha likalie magogo,” akasema, “nalisukuma kila pembe nione halitikisiki, nafungua skrubu presha yote itoke, ndipo nazama. Umeridhika, msimamizi?”

“Nimeridhika.” Nikakumbuka maharage yangu jikoni. “Usiingie mpaka limekalia.”

“Sawa.”

Jamani, wanaume! Sawa yake ilikuwa ya mdomoni. Nilipogeuka tu akasema moyoni mwake, ngoja nichungulie kwanza ile nati ni spana namba ngapi. Haya aliniambia baadaye. Na kwa kuwa karakana kwao mtu akiingia chini ya behewa lazima atundike kitambaa chekundu, na hakuna ruhusa ya mtu kuligusa mpaka aliyetundika akitoe mwenyewe, akaangaza macho kutafuta chekundu. Kamba ya nguo ilikuwa na kisutu cha Mama, nilikuwa nimekifua kutoa wanga. Akakichukua. Akafungua mlango wa mbele wa kushoto, akakipitisha dirishani, nusu nje, nusu kikalala kitini. Akazama chini.

Sasa fikiria mwenyewe. Mama anatoka chumbani kwake baada ya kusoma uradi wake. Yeye karakana ya reli hajawahi kukanyaga. Anaona gari limepanda juu, limepangiwa mambo, na kanga iko kwenye kiti chake. Na siyo kanga yoyote, kisutu cha harusi. Alijua nini? Alijua ameitwa. Alijua safari ya Urambo imesogezwa mbele na sisi hatujamwambia, kwa sababu huwa hatumwambii kitu.

Nilikuwa nimeshika sufuria. Nikasikia mlango wa gari unafunguliwa. Nikadhani ni Lukumani. Halafu nikasikia ule mlio, fssss, mrefu, na baada yake mbao zikalia, kwii, kama kitanda kilichokaliwa na mtu mzito.

Sikumbuki nilivyoweka sufuria. Nakumbuka nipo uani, Mama kainama mlangoni mwa gari, mkono wake bado uko kwenye kimkono, na miguu ya mume wangu imetokeza nyuma, viatu vimeelekea juu, haitikisiki.

“Lukumani!”

Kimya.

“Baba Adinani!”

Kimya. Mama akageuka akaona ile miguu. Akaelewa yote kwa mara moja, nilimwona usoni. Fimbo ikaanguka. Akasema kwa sauti ndogo sana, “Nimemuua mwanangu kwa mkono wangu.”

Ndipo kiatu kimoja kikatikisika. Ikasikika sauti kutoka chini, “Mmm. Mmm-mm.” Alikuwa na spana mdomoni! Spana mdomoni, na mikono yote miwili juu imeshika ile paipu, na mafuta ya kijani yanamdondokea shavuni. Gari lilikuwa limeshuka ule upenyo wa vidole tu, likakalia magogo ya Gerson, likatulia. Yeye chini alikuwa na nafasi yake yote, anapumua.

Akajiburuta akatoka, akatema spana. “Nani kashusha?” akauliza. Halafu akamwona mama yake.

Mimi nilimpiga kofi la bega, la nguvu. Halafu nikamkumbatia na mafuta yake yote, nikalia. Nililia kwa hasira, nililia kwa furaha, sijui vilichanganyikaje. Nikamtukana pia, mengine siwezi kuyasema hapa. Alikubali yote.

Lakini Mama hakulia. Aliokota fimbo yake, hakutaka nimsaidie. Akachukua kisutu chake kitini, akakikunja vizuri, akaingia ndani. Jioni aliniita.

“Mtakwenda nyinyi,” akasema. “Mpelekeeni Najiat hiki kisutu, mwambieni namwombea dua hapa hapa. Lile gari mimi silipandi tena. Nimetaka kuua nalo.”

Nikaanza kwa upole. Upole wangu haudumu. “Mama, hukutaka kuua mtu. Aliyetaka kujiua ni yeye, aliyeambiwa asubiri akasema sawa. Kama ni kususa, mimi ndiye wa kususa!” Akavuta shuka. “Na mwanao mzima, anakula maharage yaliyoungua huko, tena anaomba nyongeza!” Amegeukia ukutani. Nikatoka nimeshindwa, na mimi kushindwa kwa maneno sijazoea.

Jumamosi asubuhi Najiat akapiga simu, anataka kusikia sauti ya bibi yake. Nikampelekea Mama simu, akatikisa kichwa. Nikarudi uani nikasema bibi yuko msalani. Akapiga tena baadaye kidogo, nikasema bado yuko msalani. “Mama mkubwa,” akaniuliza, “bibi anaumwa tumbo?” Nikasema ndiyo, kidogo. Mungu anisamehe. Yule mtoto akaanza kulia kwenye simu, na mimi nikakaa juu ya ndoo nikalia naye, na kesho yake ni harusi.

Lukumani alikuwa hajaligusa gari tangu jana. Limekaa juu ya magogo yake, presha imeshatolewa yote, paipu mpya iko juu ya boneti. Nikamwambia, “Fanya basi hata umalize, kazi ya kupika chai si ulisema?”

“Siingii,” akasema.

“Unaogopa?”

“Naogopa ndiyo. Lakini siyo hilo.” Akanawa mikono, akaingia chumbani kwa mama yake. Mimi nikasimama nyuma ya pazia. Nilisikiliza, eti nini, nilikuwa nyumbani kwangu.

“Mama, shikamoo.”

“Marahaba.”

“Nimekuja kukuomba kazi. Karakana kwetu mtu akiwa chini, kuna mtu juu anashika funguo, anakaa pale pale, hamruhusu yeyote kusogea. Jana nilijifanya mjanja, sikuweka mtu. Nataka ukae wewe.”

“Mwite mkeo,” Mama akasema.

“Mke wangu atakumbuka maharage.”

Nilitaka kuingia! Nikajizuia.

“Mwite yule seremala.”

“Gerson atapigiwa simu, atageuka, atacheka na mtu. Mama, hapa Itetemia nzima kuna mtu mmoja tu ambaye najua kabisa hawezi kukigusa kile kimkono nikiwa chini. Ni wewe. Usipotoka, mimi siingii. Litabaki pale juu ya magogo. Na mimi bila wewe Urambo siendi, nimwangalie Najiat usoni nimwambie nini?”

Nilisikia kitanda kinalia. Halafu fimbo, ko, ko, ko. Nikaruka kutoka kwenye pazia, nikajifanya nafagia.

Mama alikaa kwenye kigoda chake upande wa mlango wa dereva. Lukumani akampa ufunguo, akaufunga kwenye pindo la kanga. Akampa na kitambaa chekundu cha ovaroli kuukuu, akamwambia akitundike mwenyewe, na asikitoe mpaka yeye Lukumani awe amesimama mbele yake kwa miguu yake. Mama akakitundika. Fundo alilofunga lilikuwa la uhakika. Akamwambia mwanawe, “Sukuma kwanza kila pembe, nione.” Akasukuma kila pembe. Gari halikutikisika. “Haya, ingia. Na spana usiweke mdomoni.”

Hapakupita mtu pale. Kuku wangu alisogea akarushiwa kandambili. Mimi nilitaka kuchukua beseni langu lililokuwa karibu na gurudumu, nikaambiwa beseni halifi, liache. Gerson alikuja kuulizia mbao zake, akafokewa asimame pale pale langoni, na akasimama, mtu mzima na ndevu zake, kofia kaishika mkononi. Kila baada ya muda Mama anainama kidogo na kuita, “Lukumani!” Chini panaitika, “Naam, Mama!” Anarudi kukaa sawa. Nilimtazama kutoka jikoni, nikaona rangi inamrudi usoni.

Simu yangu ikalia tena. Najiat. Kabla sijatunga uongo mwingine, Mama akanyoosha mkono. “Lete hapa.”

“Najiat? Ndiyo, ni mimi. Tumbo? Tumbo gani? Sikiliza, niko kazini. Baba yako mkubwa yuko chini ya gari na mimi ndiye nimemshikia. Nitakuja kesho. Nimesema nitakuja. Usinipigie sasa, utanichanganya.” Akanirudishia simu bila kunitazama. “Lukumani!” “Naam, Mama!”

Paipu ilifungwa. Lukumani akatoka, akajikung'uta, akasimama mbele ya mama yake. Mama akamtazama kuanzia kichwani mpaka viatuni, ndipo akafungua lile fundo. Injini ikawashwa, Muungwana akajinyanyua kutoka kwenye magogo, kwanza makalio, halafu kifua. Tukatoa mbao. Hata tone la mafuta halikuonekana, wala usiku ule hakushuka.

Jumapili asubuhi tukashika njia ya Urambo, Mama mbele na kisutu chake, mimi nyuma na sufuria za kuazima za kupikia harusini. Tulipokaribia kwa Awadhi tukasikia ngoma. Awadhi, baba wa bibi harusi, alikuwa amejipanga. Vijana wanne wenye misuli wamesimama barazani, na kiti cha plastiki wameshakileta, tayari kumtoa Bi Maua garini wambebe juu juu mpaka ndani. Nikaona uso wa Mama umekaza. Lukumani akasimamisha gari, akapeleka mkono kwenye kimkono.

“Subiri!” Mama akampiga kofi la mkono. Akashusha kioo. “Awadhi! Waambie hao vijana wako warudi nyuma. Wote, na hao watoto pia. Chini hapa hakuna mtu?”

“Mama, nani atakuwa chini ya gari?” Awadhi akasema, anatabasamu mbele ya wageni wake. “Si ndiyo kwanza mnafika?”

“Nimekuuliza, umetazama?”

Awadhi, na kanzu yake nyeupe ya harusi na koti lake jipya, akakunja magoti mchangani, akaweka kiganja chini, akainamisha kichwa akachungulia huku, akazunguka, akachungulia na upande wa pili. Akainuka, magoti yamekuwa mekundu kwa vumbi.

“Hakuna mtu, Mama.”

“Haya, Lukumani. Shusha.”

Muungwana akashuka taratibu. Mama akafungua mlango, akatoa mguu mzima, akautoa na ule mbovu, akaegemea fimbo, akasimama. Hakuguswa na mtu. Akaweka kisutu chake sawa begani, akaanza kutembea kuelekea mlangoni polepole sana, na ua mzima unamsubiri. Najiat alipaswa kuwa amefichwa chumbani mpaka ndoa ifungwe, lakini alitoka mbio na hina yake mikononi, akamkumbatia bibi yake pale katikati ya ua, na shangazi zake wote hawakuthubutu kumrudisha ndani.